Pingamizi la Mtani

Palikuwa na nchi, na nafikiri bado ipo, maana jana tu imesikika redioni ikijisifu. Jina lake tulifiche kwa heshima. Itoshe kusema kwamba serikali yake iliwapenda sana watu wake, na ikawapenda zaidi wakishakufa. Mtu akiwa hai ni msumbufu: mara aulize maji yako wapi, mara aulize daraja limekwenda wapi. Marehemu hana maswali. Ndiyo maana ikatungwa Sheria ya Msiba Wenye Mpangilio, na kila maiti wa nchi ile, tajiri kwa maskini, akawa analetewa karani.

Karani wa Matanga alifika na kiti chake, meza ya kukunja na daftari lenye safu tatu: Maneno, Vilio, Vicheko. Kazi yake ilikuwa kuandika kila kinachosikika tangu jeneza linapotoka ndani mpaka koleo la mwisho, ili wajanja wasije wakaingilia mirathi. Sheria nzuri kabisa. Aliyeitunga alipewa nishani, akapewa gari, kisha akafa, na karani akaenda kwake pia.

Bi Sikudhani hakuwa na neno na sheria hiyo mpaka alipofiwa. Mumewe, Kasimbazi, alikuwa fundi wa cherehani, na kwa miaka thelathini na moja hakuna cherehani iliyokataa kushona mtaani kwao akashindwa kuitia adabu. Homa ya siku nne ikamchukua. Aliacha nyumba ya vyumba vitatu na banda la kazi uani, nyumba waliyoijenga wawili, tofali kwa tofali, Sikudhani akichota maji ya kuchanganyia udongo na Kasimbazi akipima kuta kwa kubinya jicho moja. Hawakuwa na kingine. Mabinti wote wawili walikwisha olewa mbali, na Sikudhani hakuwa na mahali pengine pa kuweka kichwa.

Siku ya maziko, jeneza lilipofika kizingitini, Chokala akatokea.

Chokala alikuwa mtani. Watu wa kwao, ng'ambo ya mto, na watu wa kwa akina Kasimbazi walipigana zamani kwa sababu ya mbuzi mmoja, na walipochoka kuuana wakapatana kwamba kuanzia siku hiyo watatukanana tu, na hasa kwenye misiba, ambapo mtu anahitaji kutukanwa kidogo ili apate nguvu. Basi Chokala alikuwa amevaa koti la marehemu, mbele nyuma, na kofia ya marehemu imemshukia mpaka kwenye nyusi. Akaukalia mlango.

"Nani kampa huyu ruhusa ya kuondoka?" akafoka. "Babu yake kala mbuzi wa babu yangu, leo yeye anajitia kwenda kulala! Haondoki mtu hapa! Nyumba hii yangu! Kofia hii yangu! Na huyu mwanamke," akamnyooshea kidole Sikudhani, "nilimwazima tu, leo namchukua!"

Sikudhani alikuwa hajala wala hajalia kwa siku mbili. Alikuwa amekauka tu, akiitikia pole za watu. Kicheko kikamtoka bila hodi, machozi yakafuata nyuma yake, na hapo ndipo akaweza kulia vizuri.

"Mpeni jogoo huyu mwizi atupishe!" akasema.

Wakampa jogoo. Chokala akampima uzito, akasema mbuzi wake bado anamdai marehemu, akapisha njia. Tena yeye ndiye aliyebeba jeneza upande wa kichwa, na watu waliokuwa karibu naye wanasema alilia njia nzima. Ila kulia kwake hakukuandikwa, kwa sababu karani alikuwa bado anamalizia mambo ya jogoo.

*

Siku ya themanini na sita tangu maziko, Jumatatu, Sikudhani alisimama mbele ya dirisha namba nne la Ofisi Kuu ya Mirathi. Alikuwa na kila kitu: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, muhtasari wa kikao cha ukoo uliomteua yeye kuwa msimamizi wa mirathi, picha nne, na nakala za hizo nakala. Nyuma ya dirisha aliketi Bwana Ngwandu, karani yule yule wa msibani.

"Mama," akasema Ngwandu akifunua jalada, "mambo yako yameharibika, lakini yameandikwa vizuri sana. Kuna pingamizi."

"Pingamizi la nani?"

Ngwandu akasafisha koo, akasoma kwa sauti ya taarifa ya habari: "Mdai namba moja, Chokala wa ng'ambo ya mto, akiwa amevaa koti la marehemu, kielelezo A, alitamka mbele ya mashahidi mia moja na arobaini kwamba nyumba ni yake. Aidha alidai kofia, kielelezo B. Aidha alidai mjane. Mjane hakupinga. Mjane alicheka. Kisha mjane alikiri deni kwa kuamuru mdai apewe jogoo mmoja, ikiwa ni malipo ya awali."

Sikudhani aliona kama dirisha linamkimbia. "Yule ni mtani, baba! Ulikuwepo! Hata wewe ulicheka, nilikuona kwa macho yangu!"

"Nilicheka kama raia," akasema Ngwandu. "Nikaandika kama karani."

"Kwani kwenu hakuna watani?"

"Wapo. Ndiyo maana nikienda misiba ya kwetu daftari naliacha nyumbani." Akainama, akashusha sauti. "Mama, sheria inamjua mke, inamjua mtoto, mzazi na mdai. Mtani haimjui. Na kanuni ya tatu inasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Pingamizi lisipoondolewa mpaka siku ya tisini, yaani Ijumaa hii saa tisa na nusu alasiri, nyumba inaingia kwenye Mfuko wa Mali Zenye Ugomvi."

Sikudhani akarudi nyumbani, na barazani kwake akamkuta mtu mnene amevaa suti ya kijivu, anapima ukuta kwa futi kamba. Alikuwa Mheshimiwa Mtandamo, Naibu Mkurugenzi wa Mfuko wa Mali Zenye Ugomvi. Alikwisha chora alama nyekundu juu ya mlango.

"Endelea na shughuli zako, mama, usinijali," akasema kwa upole mkubwa. "Ila nisaidie kitu kimoja. Jua la asubuhi linaingilia dirisha lipi? Mke wangu halipendi."

*

Serikali ile ilikuwa na huruma. Chini ya ngazi za Ofisi ya Mirathi iliweka Meza ya Msaada wa Sheria kwa Wasio na Uwezo, na nyuma ya meza hiyo ikamweka Wakili Nyangeta. Kiti chake kilikuwa bado kwenye mchakato, mwaka wa tatu sasa, kwa hiyo wakili alisaidia watu akiwa amesimama, na wapandao ngazi wakimmwagia vumbi kichwani.

Alisoma jalada lote. Sikudhani akamtazama usoni jinsi mgonjwa anavyomtazama daktari.

"Mama," akasema Nyangeta, "huyo mzee aje mwenyewe, aseme ilikuwa utani, mambo yaishe. Ni mtu mwema?"

"Chokala? Mwanangu, huyo hana hata ubaya wa kumfukuza kuku."

Jumanne Chokala akaja, kofia ya marehemu kichwani. Alikuwa na miaka sitini na mitano na meno yasiyozidi robo ya hiyo. "Mnaniitia nini? Mmepata mbuzi wangu?"

Dirisha namba nne wakapewa Fomu ya Kumi na Tisa, Tamko la Mdai. Ilikuwa fomu fupi. Iliuliza swali moja tu: *Je, uliyoyasema msibani ni KWELI au SI KWELI?* Vikafuata visanduku viwili. Chini yake, kwa maandishi madogo ya kuua macho, paliandikwa kwamba atakayejibu KWELI atakabidhiwa anachodai papo hapo, na atakayejibu SI KWELI atakuwa amekiri kusema uongo mbele ya maiti, kosa ambalo adhabu yake ni kifungo cha mwaka mmoja na nusu, bila faini, kuanzia siku hiyo.

Nyangeta alisoma mara mbili. Chokala akavua kofia.

"Kisanduku cha utani kiko wapi?" akauliza Sikudhani.

"Utani," akasema Ngwandu, "lazima uthibitishwe na Bodi."

*

Bodi ya Uthibitisho wa Mizaha ilikutana Jumatano, ghorofa ya tano. Wajumbe walikuwa watano, wote wazee wa heshima, na mwenyekiti wao aliwahi kuwa mkuu wa magereza. Utaratibu ulikuwa wazi: mzaha unasomwa, wajumbe wakicheka unathibitishwa, wasipocheka si mzaha. Kwa kuwa Chokala ni mwenye maslahi, hakuruhusiwa kuusema mwenyewe. Alisimama kando ya Sikudhani na wakili, na Ngwandu akausoma, pamoja na vielelezo, aya ndogo na tarehe.

"'...na huyu mwanamke, nilimwazima tu, leo namchukua. Mwisho wa kunukuu.'"

Mjumbe wa pili midomo yake ilianza kucheza. Sikudhani akamwona, akamwombea kwa Mungu. Lakini mjumbe akamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa akitazama ukuta. Hakuna mjumbe aliyewahi kucheka kabla ya mwenyekiti, na mwenyekiti hakuwa amecheka tangu ateuliwe, kwa sababu alikuwa bado anasubiri mwongozo kutoka juu.

"Waheshimiwa," akasema Nyangeta, "mzaha unahitaji msiba wake. Hapa hakuna jeneza, hakuna watu..."

"Wakili msomi," akamkatiza mwenyekiti, "Bodi hii haichekeshwi na mazingira. Haukuchekesha. Afuataye!"

Mlangoni wakati wa kutoka, Mheshimiwa Mtandamo alikuwa amesimama na futi kamba mkononi. Akamshika Chokala bega kama rafiki wa siku nyingi. "Mzee wangu, pole. Nasikia paa lako linavuja. Kesho nitapita kwako tuongee."

Na kweli alipita. Alhamisi mchana Sikudhani alivuka mto kumpelekea Chokala uji, akaona gari la serikali mbele ya kibanda chake, dereva anakula mhogo. Akajibanza nyuma ya ua wa jirani, uji unapoa mkononi, mwenyewe akiona aibu ya kujibanza. Gari lilipoondoka akaingia.

"Alikuwa anataka nini?"

"Anataka niseme kweli," akasema Chokala, akipokea uji. "Nikishakabidhiwa nyumba, niwauzie Mfuko. Wataniwekea bati jipya hapa, na kitanda cha godoro. Kaniita mzee mara kumi na tisa, nimehesabu."

"Na wewe umemjibuje?"

Chokala akanywa uji, akapangusa mdomo. "Nimjibuje? Nyumba si yangu ile? Unataka nikwambie mara ngapi, mwanamke?"

Miaka thelathini Sikudhani alikuwa akiyasikia maneno hayo, na kila mara jibu lake lilikuwa tayari, kali kama pilipili. Siku hiyo alilitafuta, asilione. Alimtazama yule mzee, akatazama paa lililotoboka, akatazama beseni la kukingia mvua katikati ya chumba, na moyo ukamwambia: na kama ni kweli? Alikuwa anamsikia Chokala kwa masikio ya dirisha namba nne. Akaaga haraka, bakuli akaliacha. Njiani alijichukia kuliko alivyomchukia Mtandamo.

*

Ijumaa, saa nane mchana, Sikudhani na wakili walikuwa ofisini. Saa nane na nusu Mtandamo akaja na watu wawili, mmoja amebeba kufuli mpya, mwingine pazia la kujaribia. Saa tisa Chokala hajatokea.

"Asipokuja?" akauliza Sikudhani.

"Asipokuja, pingamizi linabaki, nyumba inakwenda," akasema Nyangeta.

"Akija akasema kweli?"

"Nyumba inakwenda."

"Akisema si kweli?"

Wakili akaangalia saa ya ukutani. Sikudhani alijua jibu, na alijua pia ni kitu gani alichokuwa akikiomba moyoni tangu asubuhi. Aliomba mzee wa watu afungwe. Hakuweza kuomba kingine, na alikuwa akiona haya mbele ya Mungu.

Saa tisa na dakika ishirini Chokala akaingia, amenyoa ndevu, amevaa lile koti la marehemu, safari hii mbele mbele. Kibindoni alikuwa na mswaki. Nyangeta aliuona mswaki kabla ya wengine, akashika kona ya meza.

"Nipeni karatasi yenu," akasema Chokala. Kalamu ikaletwa, Mtandamo mwenyewe akaileta. "Hapa penye KWELI ndipo napata nyumba?"

"Ndipo, mzee wangu," akasema Mtandamo.

"Na mke?"

"Mke... litaundiwa kamati."

"Na hapa pengine?"

"Gereza," akasema Ngwandu, bila kuinua macho.

"Chakula kipo?"

"Maharage."

Chokala akatia alama. Alibonyeza sana, karatasi ikatoboka. SI KWELI.

"Mzee umekosea kisanduku!" Mtandamo akaruka. "Ngwandu, mpe fomu nyingine! Haoni vizuri huyu!"

"Naona," akasema Chokala. Akamgeukia Sikudhani, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akasema naye bila mzaha, mpaka akamtia hofu. "Siku ya kumzika mama yangu nilikuwa nimekauka. Chozi halitoki. Mumeo akaingia kaburini akalala chali, akasema shimo ni lake, amelipia, mama akatafute lingine. Nikacheka, nikalia. Kama asingelala mle, siku ile ningepata kichaa. Basi."

Askari wawili waliokuwa wakisubiri nje wakaingia. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika ishirini na saba. Ngwandu akapekua jalada polepole. "Pingamizi limeondolewa," akasema. "Mjane anathibitishwa kuwa msimamizi wa mirathi, isipokuwa kama kabla ya saa tisa na nusu litatokea dai jipya, na mjane akalipokea kwa kicheko au kwa neno." Akainua mhuri, akangoja. Dakika tatu.

Askari wakamshika Chokala mikono. Alipofika mlangoni akageuka. Ndivyo alivyoumbwa, hakuweza kutoka mahali kimya.

"Na wewe mwanamke," akapaza sauti, "uifagie vizuri! Nyumba yangu ile! Nikitoka huko nahamia!"

Ofisi nzima ikaganda. Ngwandu akaweka mhuri chini, akafungua kalamu, akatafuta safu ya Vicheko, akamwangalia mjane. Mtandamo naye akamwangalia. Mwenye pazia akalikunjua kidogo.

Kicheko kilikuwa kimefika kooni. Pamoja nacho lilikuja jibu, lile alilolikosa jana, limekamilika, linawasha ulimi. Utani usiojibiwa ni sawa na mlango uliofungwa usoni mwa mtu, na Chokala alikuwa amesimama pale anangoja. Wakili akamfinya mkono mpaka kucha zikazama. Sikudhani akatazama sakafu. Akahesabu vigae. Alihisi kama anamzika Kasimbazi mara ya pili, tena bila mtu wa kumzuia mlangoni.

Chokala alingoja kidogo, akaona hapati kitu, akainamisha kichwa. Wakamtoa.

"Mjane hakucheka," Ngwandu akaandika. Saa tisa na nusu ilipogonga, akapiga mhuri. Aliupiga kichwa chini, lakini hilo halikuwa na safu.

*

Alama nyekundu mlangoni Sikudhani aliisugua siku tatu, akapaka chokaa. Nyumba ikawa yake, kwa hati yenye mihuri sita. Alikaa ndani yake kama mgeni. Usingizi ulimjia vipande vipande, na kila akikumbuka kile kichwa kilivyoinama alikuwa akiamka na kukaa kitandani.

Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya kuona wafungwa, akachinja jogoo, akampika kwa nazi, akamfunga kwenye bakuli. Langoni askari akampa kitabu. *Uhusiano na mfungwa: mke, mtoto, mzazi, mdai.* Akafikiri kidogo. Akafuta yote manne, akaandika: *Mdaiwa.*

"Anakudai nini?" akauliza askari.

"Mbuzi."

Askari alimtazama sana. Kisha akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akafungua lango.

Chokala alikaa nyuma ya waya, amekonda, amenyolewa kipara. Alipomwona alishusha macho mikononi mwake, kama mtu aliyezoea sasa kutojibiwa. Sikudhani hakumpa hata salamu.

"We mwizi!" akapiga kelele, chumba kizima kikageuka. "Umekuja kujificha huku ili usirudishe koti la mume wangu? Nani kakupa ruhusa ya kula maharage ya serikali? Waya huu wangu! Gereza hili langu! Na hao askari niliwaazima tu!"

Chokala akainua kichwa taratibu. Mdomo ukaanza kumcheza, akajaribu kuuzuia, akashindwa. Kikamtoka kicheko kikubwa cha mapengo, na cha Sikudhani kikakilaki, na wafungwa wa kando nao wakadakia bila kujua wanacheka nini. Askari mmoja, kwa mazoea, akaangaza huku na huku kumtafuta karani. Hapakuwa na karani. Serikali ilikuwa imepeleka makarani kwenye misiba yote ya nchi, lakini gerezani haikuona haja. Basi askari naye akakaa kwenye benchi, akacheka, na Sikudhani akalia vizuri, akapitisha jogoo chini ya waya.

"Ana chumvi nyingi," akasema Chokala, akitafuna. "Mbuzi wangu bado."